Saa Iliyochorwa Jina la Bosi Sponji

Ndugu zangu, sogeeni niwaeleze yaliyompata fundi makochi wa mtaani kwetu, tuliyezoea kumwita Bosi Sponji. Na wewe unayevuta mkono wa shati kuficha saa yako, tulia. Zamu yako bado.

Asubuhi za nyumba ile zilipendeza. Karakana mbele, vyumba nyuma. Bosi anagongomea misumari, mkewe yuko kwenye cherehani, na mama yake Bosi ameketi juu ya kochi ambalo mteja hajalichukua, anachambua vifungo na kulalamika kwamba mwanawe anakalisha watu wote mjini isipokuwa mama yake. Basi wanacheka.

Vifungo alivichambua kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yanafifia. Daktari alisema ni presha ya macho: inaua mshipa taratibu, na ukishakufa haufufuki. Siku ya upasuaji ikapangwa, mume na mke wakaanza kuweka akiba.

Ndipo simu ilipoanza kulia.

Bosi alikuwa amepeleka kochi kwenye duka la saa za kifahari, lile lenye mlinzi wa glovu nyeupe. Wakampa kahawa, akanunua saa yao ya bei ya chini kuliko zote, akaacha namba. Tangu hapo binti wa duka akawa ndugu. Alimpigia siku ya kuzaliwa kwake, ambayo pale nyumbani hakuna aliyeikumbuka. Aliuliza mapacha wake wamefaulu vipi shuleni. Aliuliza macho ya Mama. Bosi alimsimulia yote, na kila alilosema likaingizwa kwenye kompyuta ya duka. Nisikilizeni vizuri: walijua. Hilo ndilo linalonichemsha hadi leo.

Kisha ikaja saa ya toleo maalumu. Zimetengenezwa chache, eti, na hazitatengenezwa tena.

"Si kila mteja anapewa nafasi hii, kaka," binti akamwambia. "Yako nimekushikia. Alhamisi ikipita bila wewe kuja, nitaumia mimi."

Eti ataumia yeye!

Mkewe alimwambia neno moja tu. "Baba Mapacha, hiyo ni hela ya jicho."

Akamjibu kwamba upasuaji unaweza kusogezwa, saa haisogezwi. Mimi nilikuwa pale nimefuata mto wa kiti changu, nikamuuliza kama saa yenyewe inarudisha siku nyuma. Akaninunia.

Alhamisi akaenda. Juisi, picha, makofi. Kwa mapenzi makubwa wakamchorea jina lake mgongoni mwa saa, bure kabisa: Bosi Sponji. Akarudi mtaani mkono mbele kama aliyevunjika.

Upasuaji ukasogezwa, ukasogezwa tena. Asubuhi moja Mama alimimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani hadi mapajani mwake.

"Mwanangu, nani amezima taa upande huu?"

Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Daktari hakuzunguka. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia lisipopasuliwa wiki hiyo hiyo, nalo litafuata.

Bosi akakimbia dukani na saa yake. Binti akampokea kwa tabasamu lile lile, akaweka mkono kifuani, akampa pole nyingi. Lakini saa iliyochorwa jina hairudishwi, kaka. Akatoka hapo kwenda kwa wanaonunua saa zilizotumika. Mmoja akaigeuza, akasoma, akacheka. "Ungeleta saa tupu ningekulipa vizuri, mzee. Sasa huyu Bosi Sponji nitamuuzia nani?"

Jicho la kulia liliokolewa na cherehani ya mkewe. Aliiuza bila kumuuliza mtu, na siku hizi mito anaishona kwa mkono.

Mama alikuwa bado na bandeji simu ilipolia tena. Binti wa duka anauliza hali ya Mama, na anasema kwamba wameleta mikanda mipya inayoendana na ile saa. Bosi alimpa mama yake simu.

"Mwanangu, unanijua vizuri sana," bibi yule akasema, polepole. "Dawa zangu unazijua, siku ya upasuaji uliijua. Basi ongeza na hili kwenye kumbukumbu zenu: jicho langu la kushoto liko dukani kwenu."

Akakata.

FUNZO

Kuuza saa si kosa, kuivaa si kosa. Lakini kuijua shida ya nyumba ya mtu na kuifanya chambo ni unyang'anyi, hata ukifanywa kwa glovu nyeupe, na tuuite kwa jina lake. Anayelipwa ili akuulize hali ya mama yako yuko kazini. Usimchanganye na ndugu. Nasi tujiulize, ilikuwaje sauti ya dukani ikawa tamu kuliko sauti za nyumbani kwetu? Kumbukeni siku za kuzaliwa za watu wenu. Waulizeni hali, na mkishaulizana, tibuni jicho kwanza.