Mgeni wa Saa Kumi

Hii alinihadithia Anyesi, yule mama wa maziwa wa kule juu Kilema, siku tumekaa msibani tunamenya ndizi. Na Anyesi si mtu wa maneno. Mwaka mzima anaweza kukusalimia tu, akakupimia maziwa yako, akaenda zake. Siku ile aliongea mpaka kisu kikamlala mkononi, ndiyo nikajua hili jambo limemkaa.

Sogeeni. Jacob, acha kumvutia mwenzako blanketi.

Ilianza na mvuke. Mvuke wa chai tu.

Kuna nyumba kule, ukiipita misheni unazidi kupanda, mpaka migomba inaanza kuwa michache. Mabati mekundu, bomba la moshi nene kama la jiko la shule, na mawaridi mbele. Aliijenga mama mmoja wa Kizungu, zamani hizo kahawa ikiwa kahawa. Mume wake akafa, yeye akabaki. Akazeekea mle ndani, hana wa kumwambia hata leo mvua imenyesha. Siku alipokufa hakuna aliyejua, mpaka wachumaji walipoona hajatoka kugonga kengele ya kazi.

Nyumba ikakaa, popo wakaingia. Halafu akaja Ildefonce, mtoto wa huku huku, ana maduka yake mjini Moshi, na aliwahi kuishi Uingereza. Akaisafisha, akaifanya nyumba ya chai. Chai ya Kizungu hasa. Vikombe vyembamba vya maua, ukikishika kimoja unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Vitambaa vyeupe. Skonzi na jemu ya matunda damu, na mkate umepakwa siagi umewekwa matango ndani.

Anyesi aliuliza, "Sasa tango ndani ya mkate, mtu anashiba nini?"

Salvina akamjibu, "Hawaji kushiba, mwenzangu. Wanakuja kukaa."

Salvina ndiye aliyekuwa anapika pale na kuhudumia meza. Mjane, mume wake Primus alishatangulia. Mtoto wake ni mmoja, Beatha, ameolewa kule Mkuu, Rombo. Salvina alipewa chumba nyuma ya jiko, akakaa.

Desemba alikuwa hana hata pa kuweka mguu. Si mnajua sisi, Krismasi ikifika kila Mchagga aliyeko Dar, Mwanza, sijui wapi, anarudi nyumbani, na akirudi lazima akaonekane mahali. Magari mpaka kwenye mawaridi. Watoto wanamwaga sukari, mashangazi wanapigana picha na birika. Januari wanakuja wale Wazungu walioshuka mlimani, wanavua viatu chini ya meza, harufu hiyo usiniulize. Pasaka zinakuja kwaya. Halafu yanaingia masika.

Masika ya kule juu si ya kucheza nayo. Barabara inakuwa uji. Ukungu unashuka mchana mchana unakaa, huoni hata waya wa kuanikia nguo. Ildefonce anafunga, wahudumu wengine wanateremka kwao Pasua, mjini, anabaki Salvina peke yake, awashe moto sebuleni viti visiote kuvu.

Sasa mikono yake ilishazoea. Saa kumi jioni ikifika, mgeni yupo hayupo, mikono inatandika meza ya dirishani. Akawa anatandika, anakunywa mwenyewe, anaosha. Hiyo haina neno.

Ila mnamwona babu yenu akigawa mbege, pombe yetu ya ndizi? Anaonja kwanza yeye, ndiyo anakupa wewe kata ile ile, ujue hakuna kitu humo. Ukishapokea, mmefungana. Wewe ni mgeni wake, na hakutoi nje mpaka uage mwenyewe. Ildefonce alikataza mambo hayo pale kwake. Alisema, ukionja kikombe cha mteja ukampelekea, huyo hatarudi. Na kweli Salvina hakuwahi kuonja cha mtu. Lakini siku ile mvua ilikuwa inapiga bati tangu asubuhi, na hajasikia sauti ya binadamu tangu jana yake. Akamimina chai, akaonja, na mkono wake bila kumwuliza ukakisukuma kile kikombe upande wa pili wa meza.

"Karibu, mwenzangu," akasema.

Alikuwa anamwazia Primus, au alikuwa anajitania tu. Mwenyewe hajui.

Mvuke wa chai unapanda juu, hata Victoria anajua. Ule ulipanda kidogo, halafu ukalala. Ukalala ubavu, ukaelekea kwenye kile kiti kitupu, mwembamba kama uzi, kama kuna mtu anauvuta puani. Salvina akatazama dirisha. Limefungwa. Akatazama mlango. Umefungwa. Akakaa pale pale, mikono mapajani, mpaka mvuke ukaisha. Alipokuja kukiinua kikombe, chai ilikuwa imeshuka hadi nusu, na kikombe kina baridi ya jiwe la mtoni.

Mtu mwenye akili angekimbia. Anyesi alimwambia hivyo hivyo baadaye: "Kwa nini hukuja kwangu siku ile ile? Hukuogopa?"

"Niliogopa," Salvina akasema. "Lakini masika yote yale hakuna mtu aliyekaa mbele yangu."

Kesho yake akatandika vikombe viwili.

Akawa sasa anasikia. Kwanza kijiko, kinazunguka ndani ya kikombe taratibu, kring, kring, yeye akiwa jikoni anatoa skonzi kwenye oveni. Halafu harufu. Mawaridi yaliyokaa kwenye maji mpaka shina likaoza, na chini ya hayo harufu ya koti la sufu lililolowa likaanikwa karibu na moto. Anayekunywa haonekani. Ila ukitazama kiooni mwa dirisha, jinsi ukungu ulivyo mweupe huko nje, unaona kama umbo la kofia ya kike. Ukigeuka kutazama kiti, kiti kitupu.

Na Salvina akaanza kuzungumza. Akamweleza habari za Primus, alivyokuwa anakoroma. Akamweleza habari za Beatha, kwamba ana mimba, kwamba yuko Mkuu, nyumba ya bati la bluu nyuma ya soko. Kijiko kinazunguka taratibu. Anasikilizwa. Nawaambia wanangu, mtu akikaa peke yake sana anaweza kulishukuru sikio lolote.

Siku moja Anyesi kapanda na maziwa yake, miguu matope mpaka magotini. Akasimama mlangoni kwa jiko akisikia kijiko kinazunguka sebuleni.

"Mama Beatha, una wageni mvua yote hii?"

Salvina akatokea nyuma yake, kutoka stoo, mikono ina unga. Anyesi akamtazama yeye, akatazama mlango wa sebule. Huko ndani kijiko kikaendelea.

"Nani yuko huko?" Anyesi akanong'ona.

"Ongea polepole. Anasikia."

"Nimekuuliza ni nani."

"Sijui. Anakuja saa kumi."

Anyesi akaweka kidumu chini. Alikuwa ametumwa, na ujumbe lazima aufikishe: Beatha amepiga simu kwake kwa sababu simu ya Salvina haipatikani, siku zake zimekaribia, anaomba mama ashuke kesho aende Mkuu. Si mnajua mwanamke akijifungua, mama yake ndiye wa kumkalia. Ampikie mtori wa ndizi, amchemshie maziwa, amkande na maji ya moto. Na Beatha alishamwambia mama yake, mama, nikijifungua bila wewe nitakufa kwa upweke kabla ya uchungu.

"Nitakwenda," Salvina akasema. "Kesho asubuhi. Wacha nimwambie huyu."

"Umwambie? Mama Beatha, hicho ni kitu cha kuambiwa?"

Lakini Salvina ameshaingia. Anyesi akachungulia, na haya ndiyo aliyoyaona kwa macho yake, akaniapia kwa rozari. Salvina alisimama mbele ya ile meza kama anavyosimama mbele ya mteja, akasema, mama, kesho nasafiri, naenda kwa mwanangu anajifungua, basi chai tutakunywa siku nyingine, na hapo kile kijiko kikanyamaza, na moto wa pale sebuleni ukajikunja ukawa mdogo, na ukungu wa nje ukasogea ukajibandika kwenye kioo mpaka sebule ikawa giza saa kumi ile ya jioni, na ile harufu ya mawaridi yaliyooza ikaja nzito mpaka inalambika ulimini, na katikati ya kimya hicho kikombe cha upande wa pili kikanyanyuka pale mezani, kikakaa hewani urefu wa mdomo wa mtu aliyeketi, kikainama kidogo, chai ikapungua, halafu kikashuka, kikaanza kusukumwa, taratibu, sahani yake inakwaruza kitambaa, kikaja mpaka ukingoni mwa meza, mbele ya Salvina.

Kimeonjwa. Anapewa.

Mmeelewa? Alikuwa anamgeuza. Akipokea, mgeni sasa ni Salvina, mwenyeji ni yule, na nyumba ni ya yule. Hatoki mpaka aruhusiwe.

Anyesi alimkamata Salvina kiunoni kama mtu anayekamata ndama, akamvuta mpaka nje kwenye mvua.

Walikwenda moja kwa moja kwa Kornelia. Huyu alikuwa bibi mzee sana, watu wa pwani wangemwita mganga, sisi tulisema tu anajua kuzungumza na warumu, wale waliokufa wasitulie. Walimkuta anakoka moto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mmelowa kama kuku. Nani kati yenu?"

"Mimi," Salvina akasema.

Akaeleza. Kornelia hakushtuka. Akauliza kimoja tu.

"Ulimwonjea?"

"Nilionja, bibi. Lakini sikumwonjea mtu."

"Basi huyo asiye mtu ndiye uliyempata."

Anyesi akasema labda aitwe padre aje na maji ya baraka. Kornelia akatikisa kichwa. "Padre anafukuza shetani, na hapo namheshimu. Huyu si shetani, huyu ni mgeni. Ameitwa, ameonjewa, amekunywa. Mgeni hafukuzwi. Mgeni anasindikizwa."

Basi safari ya asubuhi ikavunjika. Kesho yake saa kumi wakarudi. Kornelia alimkatia Salvina jani la isale, lile la kuombea amani, akamwekea mkononi. Akamwambia, ingia, mwambie kwa heshima twende nikusindikize. Tembea naye mpaka mwisho wa shamba, pale yalipopandwa masale ya mpaka. Mwambie kwaheri, ugeuke, urudi. Neno la pili usiongeze.

Salvina akaingia. Akatoka. Na walioko nje wakaona jani la isale linatikisika upande mmoja tu, upande usio na upepo.

Wakashuka na njia ya kahawa, Salvina mbele, wale wawili nyuma. Anyesi anasema ukungu ulikuwa kama kutembea ndani ya maziwa, mwenzako unamwona kivuli tu ila unamsikia, na walichokuwa wanasikia ni miguu ya Salvina kwenye matope, pwata, pwata, na pembeni yake, hatua kwa hatua, sketi ndefu iliyolowa inaburutwa kwenye majani, na ukitazama chini unaona nyasi zinalala pale isipopita miguu ya mtu, zinalala na haziinuki tena, na kila wanaposhuka Salvina anainamisha kichwa kidogo upande ule, kama mtu anayesikiliza mwenzake akimweleza jambo la zamani, jambo refu, na alikuwa analia.

Wakafika kwenye masale. Sketi ikanyamaza.

"Kwaheri, mama," Salvina akasema.

Maji yanadondoka kwenye majani ya kahawa. Halafu wakasikia mtu anavuta pumzi ndefu, pumzi ya mwanamke mzee anayejua anakokwenda hakuna aliyemwashia moto.

Ilikuwa imebaki kugeuka tu. Kornelia alishaanza kugeuka. Lakini Salvina alikuwa na miaka mingi anasimama mlangoni kwa ile nyumba akiwaaga watu, na moyo wake ulikuwa umejaa huruma, na mdomo ukasema wenyewe kile unachosema kila mgeni anapoondoka.

"Karibu tena."

Kornelia akaketi chini kwenye matope.

Na kutoka kwenye ukungu ikaja sauti. Anyesi anasema haikuwa ya kutisha, hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Ilikuwa na adabu, Kiswahili cha taratibu cha Wazungu wa zamani wa kahawa.

"Asante. Nije hapa, au kwa Beatha?"

Salvina alisimama na lile jani mkononi. Mle kichwani mwake mlikuwa na bati la bluu nyuma ya soko, na mwanawe amelala na kichanga, na saa kumi jioni, na mvuke wa uji wa mzazi unalala ubavu.

"Hapa," akasema. "Uje hapa hapa. Utanikuta."

Beatha alijifungua salama, mtoto wa kike. Mama mkwe ndiye aliyempikia mtori. Salvina hakwenda. Mvua iliisha, barabara ikakauka, hakwenda. Desemba magari yakajaa tena, na ile meza ya dirishani watu waliikwepa bila kuambiwa, hata mashangazi wa picha.

Masika yaliyofuata Anyesi alikuwepo jikoni simu ilipolia. Saa kumi. Salvina aliipokelea pale mezani, vikombe viwili mbele yake.

"Mama," Beatha akasema, "wewe ni mzazi gani? Mtoto anatambaa sasa. Hujawahi hata kuniuliza anaitwa nani."

Kijiko cha ng'ambo ya meza kikasimama. Kiti kikalia kidogo, kama mtu ameegemea mbele ili asikie vizuri.

"Usinitajie," Salvina akasema. "Mwanangu, nakuomba. Usinitajie jina lake." Akakata simu, akaizima kabisa.

Mpaka leo halijui.

Haya, moto umeisha na hadithi imeisha. Victoria, Jacob, na wewe mdogo unayejifanya umelala, nyie wa kwangu nawajua wote. Fungeni macho, mlale.