Funguo za Stoo ya Mafaili

Walubengo alifanya kazi miaka kumi na tisa katika stoo ya mafaili ya mji, huko Kitale. Humo mlikuwa na ramani za viwanja na maamuzi ya mikutano. Alijua kila rafu. Mkubwa wake, Mama Suad, alipostaafu mwaka wa 2003 na kurudi Bungoma, Walubengo alijua kiti ni chake.

Kiti akapewa Chepchumba, msichana aliyetoka chuoni juzi.

"Leo amepanga tena rafu zangu," alimwambia mkewe Edah wakinywa chai. "Na watu wanamwita madam."

"Si ni madam, Baba Kevin."

Chai ikamshinda.

Chepchumba akicheka na wageni, Walubengo aliona anachekwa yeye. Akisifiwa, yeye alitoka nje.

Siku moja diwani Hillary alimwita kando. "Ni aibu, bana. Mzee wa kazi unatumwa na mtoto. Weka sahihi hapa. Barua inasema stoo imemshinda, iwe chini ya ofisi yangu. Nikishika funguo, wewe ndiye mkubwa."

Walubengo aliomba siku mbili. Moyoni alikuwa ameshakubali. Jumamosi akaenda Bungoma kwa Mama Suad, karibu na msikiti. Alitaka apongezwe.

Mama Suad aliisoma barua mara mbili.

"Jina la Hillary liko katika faili yoyote mle?"

"Liko. Anadai uwanja wa soko ni wake."

"Na ramani ya soko?"

"Si iko stoo."

"Basi anataka funguo za chumba chenye ushahidi wa kumshinda. Kumbukumbu za mji ni za watu wote, Walubengo. Anayezitunza hafai kuamriwa na mwenye kesi. Faili yenyewe haitoki. Mtu huandika jina lake daftarini, anapewa nakala. Karatasi moja ikipotea, maskini hana shahidi tena."

Walubengo aliinama. "Lakini kiti kilikuwa changu."

"Mimi ndiye niliyempendekeza Chepchumba," Mama Suad alisema taratibu. "Wewe unajua mafaili kuliko sisi wote. Lakini wakubwa wakija, ulikuwa unawafungulia bila kuuliza. Yeye, alipokuja kujifunza kazi kwetu, alimuuliza kila mtu."

Maneno hayo yalimchoma hadi Kitale. Aliyachukia, kwa sababu yalikuwa kweli.

Jumatatu alimpa Chepchumba ile barua, bila sahihi. Chepchumba akaipeleka mbele ya mkutano wa madiwani wote, na Walubengo akaeleza alivyoahidiwa. Wakaamua mlango uwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa Chepchumba, mwingine kwa Walubengo. Hakuna diwani wa kushika hata mmoja.

Wivu haukuisha siku hiyo. Watu bado walimwita Chepchumba madam, na bado ilimuuma.

Baada ya mwezi mmoja Hillary aliwaambia wauza mboga wahame sokoni. Kisha akaja stoo. "Nipe ile ramani, Walubengo. Nitairudisha kesho."

"Andika jina hapa, mheshimiwa. Utapewa nakala."

Hillary aliondoka bila kuandika.

Alasiri alikuja Phelista, muuza mboga aliyejifunza kusoma ukubwani. Aliandika jina lake polepole. Walubengo akamtandikia ramani mezani, naye akapitisha kidole juu ya maandishi.

"Soko," alisoma. "Soko... la... umma."

Akarudia tena, kwa sauti kubwa zaidi, akaomba nakala ya kuwapelekea wenzake.