Mume Mwenza wa Fundi Cherehani

Asiyetaka kuamini aache, sitambembeleza. Yaliyomkuta rafiki yangu fundi cherehani nayasema kama alivyoniambia.

Mkewe alipenda tangu utotoni gemu ya safari za mashujaa. Sehemu zake zote amezicheza, na katika kila sehemu husafiri na shujaa yuleyule wa upanga. Basi rafiki yangu akamwonea wivu mtu wa kwenye runinga! Mkewe akicheza alicheka kicheko ambacho yeye mumewe hajawahi kukipata.

"Nina mume mwenzangu," aliniambia.

"Mshonee suruali basi," nikamtania. Akanuna siku nzima.

Mashine ya gemu ilipoharibika, yeye ndiye aliyeipeleka kwa fundi wa runinga, na jioni moja akaifuata.

"Imekufa, kaka," fundi akamwambia. "Vipuri vyake siku hizi havipo."

Rafiki yangu akaitia kwenye mfuko, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Alipofungua mlango, akasikia gizani vitufe vikibonyezwa, ta-ta, ta-ta-ta, halafu kile kicheko.

"Unacheza na nini wewe? Mashine si ninayo mimi hapa!"

"Taratibu, mume wangu. Utamchanganya."

Akawasha tochi ya simu. Runinga ilikuwa nyeusi. Mkewe alikaa sakafuni ameshika rimoti moja ya gemu, waya wake ukining'inia bila kuchomekwa popote. Rimoti ya pili ilikuwa juu ya mto kando yake, haijashikwa na mtu, na vitufe vyake vilikuwa vikizama na kuinuka, kimoja baada ya kingine.