Maganda ya Mpakani

Nyumba yetu ni ya mwisho kijijini. Nyuma ya jiko kuna shamba la mahindi. Shamba likiisha, msitu wa hifadhi unaanza.

Kila asubuhi mkwe wangu, mke wa mwanangu, alibeba beseni la maganda na makombo ya jana. Aliyamwaga mpakani. Majirani wote wa upande huu tulifanya hivyo. Kazi hiyo tuliiita kulipa kodi. Nyani washibe huko huko, wasituingilie shambani. Tulijiona wajanja kweli.

Nyani walikula. Kisha wakaingia shambani kumalizia. Dume lao tulimwita Bwana Shamba, maana alikagua mstari kwa mstari. Alimenya hindi, akaliuma mara moja, akalitupa, akachukua jingine.

Siku waliyoangusha robo ya shamba, mkwe wangu alijifunga kitambaa kiunoni, akaenda lango la hifadhi. Nilimfuata na mkongojo wangu. Mahindi yale ndiyo chakula chetu cha mwaka. Hatuna shamba jingine.

Langoni tulimkuta askari wa wanyama, mwanamke wa makamo. Mkwe wangu hakungoja kukaribishwa. Alisema nyani wao hawana adabu. Alisema yeye akiokota kuni kavu msituni anakamatwa, lakini nyani akimaliza shamba zima hakamatwi mtu.

Askari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maganda tunatupa wapi. Tukamwambia, tena kwa kujisifu.

"Hapo ndipo mnapowaharibu, dada," alisema. "Nyani hashibi akaridhika. Anajifunza kwamba chakula chepesi kiko kwa binadamu. Kila asubuhi mnamwonyesha njia ya shamba, na mtoto wake anaiona."

Mkwe wangu akawaka. Kwa hiyo kosa ni letu? Hajamaliza, gari la wageni likasimama mbele yetu. Kioo kikashuka. Mkono ukawarushia ndizi nyani waliokaa kando ya lango, na simu ikatokeza kupiga picha.

"Na huyu?" mkwe wangu aliuliza. "Huyu hawaharibu? Au mtu akija na gari anaruhusiwa?"

Askari alikwenda kwenye lile gari, akamwambia yule bwana waziwazi kwamba kulisha wanyama ni marufuku. Aliporudi alikiri kwamba tuna haki ya kukasirika. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kijijini kutueleza. Aliahidi kuja mwenyewe kesho yake.

Alikuja. Alituambia maganda tuyatupe kwenye shimo lenye mfuniko mzito. Tufyeke kichaka kilicho kati ya shamba na msitu, maana nyani hapendi kuvuka mahali peupe akionekana. Na tulinde kwa zamu, nyumba zote za mpakani pamoja, tangu mahindi yanapobeba mpaka kuvuna. Sumu alikataa kabisa. Alisema haichagui, itaua nyani, mbwa na hata mtoto.

Jirani yetu, fundi cherehani, alicheka. Alisema nyani wakinyimwa watazidisha fujo. Na kweli, mwanzoni walizidisha. Walikaa mpakani wakibweka. Walifika mpaka mlango wa jiko. Mwanangu akachoka, akasema bora beseni lirudi.

"Ukiwapa leo," mkewe alimwambia, "watajua kelele zinalipa. Shika debe, mume wangu, twende tukalinde."

Tulilinda. Tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Kidogo kidogo nyani walipungua, wakarudi kwenye matunda yao ya msituni.

Sasa tumevuna. Si kila hindi lilisalimika, lakini ghala limejaa, na chakula cha mwaka kipo. Fundi cherehani naye amechimba shimo lake, kimya kimya, kama vile wazo lilikuwa lake.

Mkwe wangu bado hajapoa. Watu wa hifadhi wakiitisha mkutano, yeye ndiye wa kwanza kusimama.

"Kijiji cha pili mmeshawaambia?" anauliza. "Au mnangoja nyani wamalize mahindi yao kwanza?"