Pini Nne za Shaba

Enyi mama wenzangu, na nyinyi waume mnaotusikiliza kwa sikio moja, nipeni nafasi niwaambie yaliyoingia nyumbani kwetu, hapa Ndia Kuu.

Tulikuwa na gari letu la reli, lile la kusukumwa na watu, lenye benchi moja na kivuli cha turubai juu. Asubuhi mtumishi wetu Masha alilisukuma polepole, mwanangu Sheikha, wa miaka sita, amejilaza mapajani mwangu. Turubai lilikuwa na vitundu, na jua likipenya humo madoa ya mwanga yalimtembea usoni.

"Mama," akasema, "nyota zanitekenya."

Mume wangu Awadh akataka vile vitundu vitiwe viraka. Akachomoa pini nne za shaba zilizoshika vyuma vya kivuli, akakiteremsha, akakitundika uani. Kisha akalala chini yake na kasumba yake, ile afyuni ya kuvuta. Siku ile, na ya pili, na ya kumi. Moshi ulipanda mzito, mtamu, naye akizitabasamia zile nyota za mchana kama mtu anayeelea.

Jirani yetu Mwanakuu akachungulia mlangoni. "Shemeji Awadh, hema hilo la harusi ya nani?"

"Ya nzi, shemeji. Karibu biriani."

"Na bibi harusi ndiye wewe, uliyelala?"

Tulicheka. Ole wangu, nami nilicheka!

Ikafika siku ya kwenda Kilindini kwa bibi yake Sheikha. "Baba Sheikha," nikamwambia, "turudishie kivuli, jua kali."

Akainuka kama atokaye majini. Pini hakuziona. Akavifunga vyuma kwa uzi wa katani.

Masha akakitikisa kimoja. "Bwana, uzi huu hauwezi. Tutafute pini."

"Sukuma wewe! Kivuli ni kivuli."

Mimi niliuona ule uzi. Nikanyamaza.

Penye mteremko upepo ukaingia, turubai likavimba kama kifua cha njiwa. Sheikha akainua uso kutazama nyota zake. Uzi ukakatika, chuma kikamshukia jichoni.

Daktari aliokoa maisha. Jicho, la.

Jioni ile Awadh alifungua kopo la kasumba. Pini zote nne zilikuwamo. Siku zote hizo alikuwa akizisogeza kwa kidole, apate kasumba yake. Kopo alilitupa, na hajashika jingine. Lakini mpaka leo Sheikha hulifunika jicho lake zima kwa kiganja na kumwuliza, "Baba, nyota zimetoka?"



MAFUNZO

Kasumba haivunji mlango. Huja laini kama usingizi, ikamfanya mtu asione kilicho mkononi mwake mwenyewe. Na wewe mama, ukiona uzi mahali pa pini, usinyamaze kwa kuogopa kuharibu safari. Na iharibike. Shuka na mwanao.