Barua ya Chumba cha Kufulia

Kila siku masomo yalipokwisha, mtoto mmoja alipita mlango wa nyuma wa hospitali, akateremka ngazi, akaingia chumba cha kufulia nguo ambako mama yake alikuwa msimamizi. Alikaa pembeni ya meza ya kukunjia mashuka, akafanya kazi zake za shule huku mashine zikinguruma na mvuke ukilainisha kurasa za daftari. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wafanyakazi walimwita Redio, kwa kuwa hakuna habari ya shuleni iliyomkaa tumboni mpaka jioni.

Chumba kile kilikuwa chini ya wodi zote, na watu wa huko juu walikuwa hawafiki. Mashuka yalishuka kwa toroli yakiwa na damu, yakapanda yakiwa meupe. Mama Pacha aliyachambua na kuyafua. Dada wa pasi aliyanyoosha. Katika kijumba cha nyuma, mzee waliyemwita Babu Moto alichochea boila iliyowapa maji ya moto. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa wa kwanza kufika, ili wenzake wakute maji yamechemka. Sasa kifua kilimbana. Daktari alikuwa amemkataza moshi na joto, na Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini.

Jumatatu, Redio alikutana na muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi karibu na ngazi. Muuguzi alimpa bahasha.

"Mpelekee mama yako, mwanangu. Mwambie awasomee wenzake wote, na yule mzee wa boila asikose kusikia."

"Sawa, mama."

Bahasha haikuwa imefungwa kwa gundi. Redio hakuweza kujizuia, aliifungua akasoma. Ndani mlikuwa na barua kwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Ilisema kwamba kwa miezi minne, hakuna mama hata mmoja aliyejifungua kwa upasuaji katika wodi ile ambaye kidonda chake kilitunga usaha. Mashuka na magauni safi yalikuwa yamesaidia sana, na wodi nzima ilimshukuru yeye na wenzake.

Redio alisimama kidogo pale ngazini. Darasani kulikuwa na wasichana waliomcheka kwamba mama yake anafua nguo za wagonjwa. Mara ya mwisho alilia chooni, akanawa uso, akarudi darasani kama hakuna kitu. Sasa alitaka sifa zile ziwe za mama yake, za mama yake peke yake. Alipofika chini alisema tu, "Mama, muuguzi mkuu amekuandikia barua."

Mama alijifuta mikono, akaisoma akiwa amesimama, akatabasamu kidogo, akaitia mkobani. Jioni ile iliwekwa ndani ya kabati la vioo nyumbani. Kesho yake Redio alimwita jirani aje aione.

Huko chini hali haikuwa nzuri. Miezi miwili iliyopita pampu ya maji iliharibika, na kwa siku nane walifua kila kitu kwa mikono, kwenye makarai. Tangu wakati huo Mama Pacha na dada wa pasi walikuwa hawasemeshani vizuri. Kila mmoja aliona mwenzake alimwachia mzigo. Mizaha ilikwisha. Watu walifika, wakafanya kazi vichwa chini, wakaondoka.

Jumatano, dada wa pasi alirudisha rundo la mashuka.

"Haya bado yana maji," alisema.

Mama Pacha aliyapokea bila kumtazama. "Mimi nimechoka. Mwezi ukiisha naondoka. Bora nikauze mitumba."

Babu Moto alikuwa mlangoni, akivuta pumzi kwa shida. "Usiseme hivyo, mwanangu."

"Kwani wewe babu umepata nini? Miaka yote hiyo, nani amekuambia asante?"

Mzee alifikiri. "Sikufanya kazi ili nisifiwe," alisema. "Ila si uongo, ningependa kujua kama maji yangu yalimfaa mtu. Huko juu sidhani hata wanajua kuna mtu huku."

Kalamu ilisimama mkononi mwa Redio.

"Vipi, Redio, leo betri zimekwisha?" dada wa pasi alimuuliza.

Redio aliinamia daftari. Jibu alilolitaka mzee lilikuwa nyumbani kwao, nyuma ya kioo, na yeye ndiye aliyelificha.

Usiku huo chakula hakikupita. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa.

"Siumwi, mama. Ile barua... sikukupa ujumbe wote. Muuguzi alisema uwasomee wote, hasa babu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka iwe yako."

Mama aliinuka, akaitoa barua kabatini, akaisoma tena.

"Umekosea," mama alisema. "Na mimi nimekosea. Barua yenyewe inasema 'wewe na wenzako.' Nililisoma hilo neno nikalipita. Nikajiambia kazi ni nyingi, nitawaambia siku nyingine. Siku nyingine ipi, na mzee anaondoka keshokutwa?"

Ijumaa saa tisa alasiri, mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi. Alizima mashine, moja baada ya nyingine. Dada wa pasi alidhani umeme umekatika. Babu Moto alitoka kijumbani na mfuko wake wa nguo, tayari kwa safari. Muuguzi mkuu, ambaye mama alikuwa amemwalika, aliteremka ngazi akiwa na chupa kubwa ya chai.

"Kabla ya yote, mwanangu ana neno," mama alisema.

Redio alisimama mbele yao. "Kuna barua yenu. Nilipewa Jumatatu niwaletee wote, nikaficha ujumbe ili asifiwe mama peke yake. Naomba mnisamehe."

Mama alikunjua karatasi akaisoma yote, polepole. Kisha akasema, "Aliyeandika hakuwepo wakati tunafua kwenye makarai. Sisi tulikuwepo. Mama Pacha, siku nane ulifua mpaka ngozi ya vidole ikatoka, na wodi haikukosa shuka hata siku moja. Sikukuambia. Nakuambia leo."

Mama Pacha alitazama mikono yake. Halafu akamgeukia dada wa pasi. "Na wewe ulibaki ukinyoosha mpaka giza linaingia, maana mvua haikuturuhusu kuanika. Nilidhani unanikwepa."

"Nilidhani wewe ndiye hutaki kuniona," dada alijibu kwa sauti ndogo. "Na maji ya moto tuliletewa na babu, ndoo kwa ndoo, na kifua hicho hicho."

Babu Moto alikaa juu ya karai lililofudikizwa. "Muuguzi, hao akina mama ni wangapi?"

"Mia moja na kumi na wawili, mzee."

Aliirudia hesabu hiyo taratibu. "Hebu nisomee tena pale pa akina mama, msimamizi."

Mama alisoma tena. Mzee alivua kofia, akaishika magotini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ningejua nina watu wote hao huko juu," alisema, "ningekuwa navaa shati zuri kidogo."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu pampu iharibike. Chai ikamiminwa. Kabla ya kuondoka, mzee aliweka mkono kichwani kwa Redio. "Umechelewa, lakini umefika," akamwambia.

Njiani kurudi nyumbani, mama alimshika mkono.

"Sifa ya watu wanne ukimpa mmoja, umewanyang'anya watatu," alisema. "Na huyo mmoja hujamsaidia, kwa sababu kesho atafanya kazi na watu waliovunjika moyo. Watu wakifanya jambo jema pamoja, walifurahie pamoja, tena mapema, wote wakiwepo. Mimi nimejifunza ukubwani. Wewe usisubiri."

Ijumaa iliyofuata, saa tisa, mama alizima mashine tena. Walisimama dakika kumi, kila mmoja akataja jema alilolifanya mwenzake wiki ile. Aliyeanza kusema alikuwa Mama Pacha, na habari za kuuza mitumba hakuzitaja tena.