Kidevu cha Mama Mkwe

Jina langu ni Munyi. Mimi ni mtu wa bodaboda hapa Kibugu, upande wa juu wa Embu, pale mashamba ya majani chai yanapokaribia msitu wa mlima. Nabeba watu. Nabeba pia mbuzi na magunia. Siku moja nilibeba mlango. Ule mlango ndio abiria pekee ambaye hajawahi kuniambia niongeze mwendo.

Asubuhi zetu zinafanana. Ukungu unashuka mpaka kwenye paa. Mke wangu Kawira ananipa chai na kipande cha nduma. Saa kumi na mbili niko stejini. Wachumaji wa majani chai wanapita na vikapu vyao mgongoni. Kathuri, mwenzangu wa pikipiki, huwa amefika kabla yangu, na huwa ameshaanza kuchokoza watu.

Wakati huo nilikuwa na helmeti mbili. Yangu niliinunua baada ya kuanguka mara moja na kuona nyota mchana. Ilinikaa vizuri. Nikiifunga mkanda chini ya kidevu, haichezi.

Ya abiria ilikuwa habari nyingine. Niliitafuta sokoni, kubwa kabisa, ili imwingie kila mtu. Ndani ilikuwa na sponji. Abiria wakalalamika kwamba sponji inanuka. Niliitoa nikaifua, nikaianika kwenye ua, na mbwa wa jirani akaenda nayo. Sikununua nyingine. Kathuri aliniuliza kama hiyo ni helmeti ama ni sufuria ya githeri. Watu wa stejini wakacheka. Mimi pia nilicheka. Niliona kichwa cha abiria kimefunikwa, nikaona kazi imekwisha.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa nyingi, Kawira alijifungua mtoto wa pili wa kike. Kwa desturi yetu, msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa mume. Wetu wa kwanza ni Wanjira. Wa pili huchukua jina la mama wa mke. Kwa hivyo mtoto akaitwa Marcella, na Marcella mkubwa, mama mkwe wangu, akafunga safari kutoka Kiritiri kuja kumwona wajina wake.

Sasa ni lazima nieleze kidogo. Kwetu, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa sana. Humtanii. Hukai karibu naye. Humgusi ovyo. Leo sote tuna simu na tunaimba pamoja kanisani, lakini heshima hiyo bado iko. Mimi nilizidisha. Nikimwona mama mkwe kwa mbali, nilikuwa navuka barabara hata kama sina haja upande wa pili.

Siku hiyo sikuwa na upande wa pili wa kuvukia. Alishuka kwenye gari pale stejini na kiondo cha ndengu na unga wa wimbi. Kiritiri ni kwenye joto. Huku kwetu baridi ilimshika hata kabla hajanisalimia. Akatoa kofia ya uzi akaivaa. Juu ya kofia akafunga kitambaa, na fundo lake likakaa juu utosini.

Nilimpa ile helmeti kwa mikono miwili, kwa heshima. Akaiweka juu ya fundo. Ilikaa pale kama sufuria juu ya mafiga. Mikanda yake ikaning'inia huku na huku kama masikio ya mbuzi.

Mama akashika mkanda mmoja akauangalia.

"Baba Wanjira," akasema, "na hii ni ya nini?"

Nilijua ni ya nini. Yangu nilikuwa nimeifunga tayari. Lakini kuifunga yake ni kupeleka vidole chini ya kidevu cha mama mkwe, mbele ya steji nzima, mbele ya mdomo wa Kathuri. Na kabla ya hapo ningemwambia afungue kitambaa chake mbele ya watu. Ulimi ukawa mzito. Halafu ukawa mwepesi kupita kiasi.

"Ni ya kuitundikia ukutani, Mama," nikasema.

Alinishukuru. Akapanda, akaweka kiondo katikati yetu. Kile kiondo kilikaa pale kama mzee wa kanisa, kuhakikisha kwamba hatugusani.

Nilienda polepole. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanafikiri ajali ni ya mtu wa mbio. Pale kwenye kona, chini ya kituo cha kupimia majani chai, udongo ulikuwa umelowa. Gurudumu la nyuma likateleza. Pikipiki ikalala upande, na sisi tukalala nayo. Mtoto anayekimbia angetupita, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukienda.

Niliinuka. Kiganja changu kilikuwa kimechunika. Kidole cha mguu kilikuwa kikivuja damu, maana nilikuwa nimevaa ndara. Kichwa changu kilikuwa kizima. Helmeti yangu ilikuwa na mkwaruzo mpya, na ndani yake mimi nilikuwa nikifikiri kama kawaida.

Mama alikuwa amelala kando ya barabara. Kichwa chake kilikuwa kimepiga jiwe. Damu ilitoka juu ya sikio ikaingia kwenye kitambaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Nilimwita. Hakujibu. Nilimwita tena, akafungua macho akaniuliza kama ng'ombe wameshakunywa maji. Hakuwa na ng'ombe tangu kiangazi cha miaka mingi iliyopita.

Ile helmeti kubwa ilikuwa katikati ya majani chai, hatua kumi kutoka kwake. Haikuwa na hata alama.

Watu wa kituo walitafuta gari, wakatupeleka hospitalini mjini Embu. Kawira alifika baadaye na mtoto kifuani. Hakuniuliza kitu. Ningependa sana angeuliza.

Mama alilazwa siku nne. Jeraha lilishonwa, mkono ukawekwa plasta. Siku ya pili akili yake ilirudi vizuri, na muuguzi, Sista Makandi, akaja na faili yake. Ni mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Akauliza kama mgonjwa alikuwa amevaa helmeti.

Mama akajibu kabla yangu. Alisema ndiyo, mkwe wake alimpa kwa mikono miwili. Alisema yeye ni kijana mwenye heshima. Kila neno lilinichoma kama kupaka iodini kwenye kidonda.

Sista Makandi akaniangalia. "Na kichwa kilipopiga jiwe, helmeti ilikuwa wapi?"

"Kwenye majani chai," nikasema.

"Haikufungwa?"

Mama akashangaa. Akamweleza sista kwamba haikuwa na kitu cha kufunga. Ilikuwa tu na ile mikanda ya kuitundikia ukutani. Baba Wanjira alikuwa amemwonyesha.

Kawira aligeuka akanitazama. Wagonjwa wa vitanda vya karibu nao wakanitazama. Kuna mmoja alikuwa na bendeji jicho moja, akanitazama kwa lile lililobaki.

Sista Makandi akauliza polepole, "Na wewe, yako ulikuwa umeifunga?"

"Niliifunga."

Mama akageuza uso akaangalia ukuta. Natamani ningesema kwamba nilitubu pale pale. Hapana. Niliangalia kidole changu cha mguu.

Sista hakunigombeza. Alinipeleka nje kwenye ukumbi, akaazima helmeti ya kijana mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa, akanivisha kama mtoto wa shule.

"Helmeti iliyolegea ni kofia tu," alisema. "Ukianguka, inatangulia yenyewe. Kichwa kinabaki peke yake."

Alinionyesha. Helmeti ishuke mpaka vidole viwili juu ya nyusi. Sponji ishike paji la uso na mashavu. Kidole kikiingia ndani kwa urahisi, hiyo ni kubwa. Nitikise kichwa: ngozi ya uso ivutwe pamoja nayo. Akashika upande wa nyuma akaivuta kwenda mbele, kuona kama itavuka. Kisha mkanda. Uingize vidole viwili chini yake, na visizidi. Chini ya helmeti kusiwe na kofia ya uzi wala fundo. Kitambaa chepesi kilicholala kichwani kinatosha. Nilipomweleza habari ya mbwa, akaniambia kwamba ile sponji iliyochukuliwa na mbwa na ile ngumu iliyo chini yake ndizo zinazomeza kishindo. Bila hizo, kichwa kinagongwa na helmeti yenyewe.

Nilimwambia kwamba mgonjwa ni mama mkwe wangu, ningemshikaje kidevu. Nilitarajia acheke. Hakucheka.

"Basi ungemwonyesha kwa kidevu chako mwenyewe, naye afunge chake," akasema. "Ama ungeita mama yeyote pale stejini. Heshima haikukuzuia, Munyi. Ulikataa tu kuaibika kidogo, sasa umeaibika sana."

Mama alikuja kupona nyumbani kwetu. Alimshika wajina wake kwa mkono mmoja, akaimba, akacheka na Kawira. Nikiingia, wimbo unakwisha. Nilianza kula chakula cha jioni jikoni, nimesimama. Siku ya kurudi hospitalini kuangaliwa, alimwambia Kawira kwamba pikipiki yangu hataipanda tena maisha yake yote. Akaomba gari la jirani. Lile gari lilipita stejini taratibu, Mama akiwa ameketi mbele, akiangalia moja kwa moja. Kathuri alifungua mdomo, kisha akaufunga. Hiyo iliniuma kuliko mzaha wowote.

Niliuza redio yangu, nikaenda Embu mjini dukani. Nilikaa humo mpaka mwenye duka akachoka na mimi. Nilinunua helmeti mbili za abiria, moja ya wastani na moja kubwa, zote na sponji zake. Halafu nikamwomba Kawira kitu kimoja. Achukue uzi wa fundi wa nguo, auzungushe kwenye kichwa cha mama yake, vidole viwili juu ya nyusi, afunge fundo mahali unapokutana. Sikueleza kwa nini. Uzi ule nilirudi nao dukani, nikanunua helmeti ya tatu. Niliitundika ukutani sebuleni. Mama aliiona.

Nilinunua pia glavu na viatu vya kufunika mguu. Ile sufuria ya zamani niliipeleka kwa kuku. Sasa kuna kuku mwekundu anatagia humo, na inamtosha.

Stejini nilianza kuwapima abiria. Walinilalamikia. Wengine walisema nywele zao zimesukwa juzi. Kathuri alinibatiza jina la Fundi Vichwa. Lakini kila mtu aliyepanda kwangu alitikisa kichwa kwanza, na mimi nikaingiza vidole vyangu viwili, ama akaingiza vyake.

Wiki ya tano baada ya ajali, nilimbeba mwalimu Alice wa shule ya msingi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mbwa alitoka kwenye majani chai, nikakanyaga breki, na pale pale, kwenye ile kona yangu, tukaanguka tena. Nilisikia helmeti ya mwalimu ikigonga barabara. Mlio ule ulinikausha damu.

Mwalimu Alice akaketi. Akafungua mkanda. Akavua helmeti, akaiangalia. Upande mmoja ulikuwa umechubuka kama umepigwa msasa, ukiwa na ufa mrefu. Akagusa kichwa chake pale pale. Palikuwa pazima. Kisha akaanza kunigombeza kwa sababu ya kiatu chake kilichopotea kwenye matope, kwa sentensi ndefu zenye nukta na mkato. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Nilimpeleka aangaliwe, wakamwambia aende nyumbani. Ile helmeti sikuitumia tena. Helmeti iliyopasuka imekwisha kazi yake, hata kama ukiipaka rangi. Niliirudisha nyumbani nikaiweka mezani. Nilitaka kumwonyesha Kawira. Mama ndiye aliyeichukua. Alipitisha kidole kwenye ufa wote, mwanzo mpaka mwisho. Kisha kidole chake kikaenda juu ya sikio, kwenye kovu.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku ya kutoa plasta. Nilikuwa nje nikipangusa pikipiki, nikisubiri gari la jirani lije kumchukua Mama. Gari halikuja. Mama ndiye aliyetoka, amevaa kitambaa chepesi kilicholala, bila fundo. Ile helmeti ya ukutani ilikuwa chini ya kwapa.

Aliivaa kwa mkono mmoja. Ilimshuka mpaka vidole viwili juu ya nyusi. Akatikisa kichwa, haikucheza. Lakini mkanda unataka mikono miwili. Kawira akatoka haraka kumsaidia.

"Wewe shika mtoto," Mama akamwambia.

Akaja mbele yangu. Akainua kidevu.

Vidole vyangu vilikuwa baridi. Nilishika mkanda, nikaupitisha, ukashika. Nikaingiza vidole viwili kati ya mkanda na kidevu cha mama mkwe wangu. Viliingia viwili. Havikuzidi.

"Baba Wanjira," akasema, kidevu bado juu, "hii ni ya nini?"

"Ni ya kushika helmeti kichwani, Mama. Nilijua hata siku ile. Nilikudanganya kwa sababu ya aibu."

Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu hospitalini. Nami sikuangalia chini.

"Haya," akasema, akapanda nyuma yangu. Safari hii hakukuwa na kiondo. "Pale kwenye kona, nenda polepole."